Sura ya Saba: Wenye Koni

Ukienda kwa kijana anayeingiza sinema kwenye fleshi, iwe Kariakoo, Kisumu, Goma au Bujumbura, mara nyingi utakuta kwenye kioo cha kompyuta yake alama ya koni ya barabarani, ya rangi ya chungwa yenye mistari myeupe. Akimaliza kukopi anaibofya, anaangalia kama sinema inatembea na sauti ipo, anachomoa fleshi, anapokea hela yake. Mwulize kwa nini hatumii programu ya video iliyokuja na kompyuta. Atakwambia ile inachagua mafaili, hii haichagui. Jibu lake ni sahihi kuliko anavyojua. VLC, ndiyo programu yenye koni, haichagui mafaili kwa sababu ya mazingira ilimozaliwa, na ilizaliwa katika mabweni, mikononi mwa kikundi cha wanafunzi, kwenye chuo ambacho hata si cha kompyuta.

Nimekichagua kikundi hiki kwa makusudi. Habari za programu huria zikisimuliwa, humkimbilia mtu mmoja: Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ambaye Agosti 1991 alitangaza kwamba anaandika mfumo endeshi wa kujifurahisha, ndio Linux, na mwaka uliofuata akauweka chini ya leseni ya GPL. Habari hiyo ni ya kweli na ni tamu. Ila inamwachia mwanafunzi wa kawaida somo bovu: jifungie chumbani, uwe na kipaji, subiri dunia ikugundue. Waliojifunza kuprogramu kwa njia hiyo wakafika ni wachache mno. Wengi hujifunza kwa kuingia katika kazi iliyoanzishwa na mtu mwingine, wakaikuta imeharibika mahali, na aliyeiharibu ameshaondoka.

École Centrale Paris ilianzishwa mwaka 1829 kufundisha wahandisi wa viwanda. Gustave Eiffel, yule wa mnara wa chuma, alihitimu hapo mwaka 1855. Kufikia miaka ya 1990 chuo kilikuwa Châtenay-Malabry, kusini mwa Paris, na kilikuwa na desturi moja ambayo bila hiyo sura hii isingekuwepo: maisha ya kampasi yaliendeshwa na wanafunzi wenyewe kupitia vyama vyao. Mtandao wa kompyuta wa mabwenini nao ulikuwa mali ya wanafunzi kwa maana ya kazi na kero zake. Chama kilichoushughulikia kiliitwa VIA Centrale Réseaux. Ukikatika usiku, mlango unaogongwa ni wa mwanafunzi mwenzako, na kesho yake ana mtihani kama wewe.

Mtandao wenyewe ulikuwa wa aina ya Token Ring. Katika mtandao huo kompyuta hupokezana idhini ya kusema. Idhini inazunguka kutoka moja hadi nyingine, na asiye nayo ananyamaza mpaka imfikie. Kwa barua pepe hakuna neno. Kwa gemu za kupigana risasi, ambamo ukichelewa sehemu ndogo ya sekunde umeshakufa, ni balaa. Wanafunzi wakataka mtandao wa kasi. Sisemi walikuwa na ndoto ya kubadilisha dunia, na wahusika wenyewe hawajawahi kudai hivyo. Walitaka kucheza gemu.

Chuo kikawajibu kwa namna ambayo mzazi yeyote angejibu: mabweni mnayaendesha nyinyi, basi tafuteni na wafadhili. Wakatafuta. Bouygues, kampuni kubwa ya ujenzi ambayo pia ilikuwa na kituo cha televisheni cha TF1, ilivutiwa na televisheni ya setilaiti. Wanafunzi wakaona mwanya. Badala ya kila chumba kuwa na dishi na king'amuzi chake, tuweke dishi moja juu ya paa, picha tuzisambaze kwa nyaya za mtandao, na kompyuta ya kila mtu ifanye kazi ya king'amuzi. Hilo halikuwezekana bila mtandao mpya wa kasi. Kwa hiyo mradi ulioitwa Network 2000, wa mwaka 1996, ulikuwa mradi wa televisheni kwa mfadhili, na kwa wanafunzi ulikuwa mradi wa kupata nyaya.

Mtandao ukaja, na maonyesho ya televisheni yakafanyika. Hapa ndipo miradi mingi ya wanafunzi huishia: umeonyesha, umepigiwa makofi, ripoti imewasilishwa, basi. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya siku moja ya maonyesho huwa na harufu yake. Inafanya kazi mradi usiiguse. Mwaka 1998 wanafunzi wengine, waliokuja baada ya wale, waliianza upya tangu mwanzo, wakauita mradi VideoLAN. Ulikuwa na pande mbili. Upande wa seva, VLS, ulipokea matangazo na kuyasambaza. Upande wa mtazamaji uliitwa VideoLAN Client, ndiyo VLC.

Tuingie ndani kidogo, maana ni hapa wanafunzi walipolazimika kujifunza mambo ambayo hakuna silabasi ingewafundisha mapema kiasi kile.

Picha ya televisheni ya dijitali husafiri ikiwa imekatwa vipande vidogo. Katika mfumo wa MPEG unaotumiwa na setilaiti, kila kipande kina baiti 188. Kwenye mtandao wa kompyuta vipande 7 hufungwa pamoja katika kifurushi kimoja, jumla baiti 1,316, na kifurushi hutumwa kwa njia ambayo haina risiti: kikipotea kimepotea, hakuna wa kukirudisha. Mtumaji hamsubiri mtu, kwa sababu matangazo ya moja kwa moja hayasubiri. Anayepokea kwa hiyo hawezi kugoma. Kipande kikikosekana, aonyeshe kilichopo, picha ikwaruze kidogo, isonge mbele.

Tena matangazo hayana mwanzo. Mtu anafungua kompyuta yake saa mbili na dakika kumi na saba, taarifa ya habari iko katikati, na data inayomfikia ni mabaki ya sentensi. Picha nyingi katika mkondo wa MPEG hazijitoshelezi; hueleza tu kilichobadilika tangu picha iliyopita. Programu lazima ijue kusubiri picha kamili inayofuata na kujishikiza hapo. Halafu kuna suala la saa. Seva ina saa yake na kompyuta ya chumbani ina ya kwake, na hakuna saa mbili zinazokwenda sawasawa. Saa ya mpokeaji ikienda polepole kidogo tu, data itajilimbikiza mpaka kumbukumbu ijae. Ikienda kasi, data itaisha na picha itakwama. Mkondo umebeba alama za saa ya mtumaji, na mpokeaji anapaswa kujirekebisha kwazo muda wote, bila sauti kuachana na midomo.

Mwanafunzi aliyeandika programu ya kucheza faili safi lililokaa kwenye diski asingekutana na lolote kati ya haya. Waliolelewa na mkondo uliotoboka wakaandika programu inayodhani tangu mwanzo kwamba kitakachokuja kitakuja kimeharibika. Sinema iliyokopiwa nusu kwenye fleshi, kwa VLC, ni matangazo mengine tu yaliyokatika. Kijana wa Kariakoo anavuna kero za mabweni ya Châtenay-Malabry.

Jambo la pili lililoamua hatima ya programu hii ni jinsi ilivyogawanywa. Kiini kilifanywa kidogo, na kazi nyingine zote zikawa moduli zinazojitegemea: hii inasoma faili la aina fulani, ile inatoa sauti, nyingine inachora picha kwenye Windows au Linux. Vitabu vya uhandisi wa programu husifu mgawanyo wa namna hiyo kwa sababu za kitaalamu. Kwa kikundi cha wanafunzi sababu ni nyepesi zaidi. Mgeni wa mwaka wa kwanza hawezi kuelewa programu nzima, lakini anaweza kupewa moduli moja, akakaa nayo muhula mmoja, akaimudu. Na akiiharibu, ameharibu ile tu.

Mengine waliyaazima. Kazi nzito ya kufumbua picha na sauti za aina mbalimbali VLC huifanya kwa maktaba ya mradi wa FFmpeg, ulioanzishwa na Mfaransa mwingine, Fabrice Bellard, mwaka 2000. VideoLAN nayo ikakopesha: x264, programu ya kubana video iliyoanzishwa na Laurent Aimar aliyekuwa ndani ya kikundi hiki, leo iko katika mitambo ya huduma kubwa za video duniani. Kuazimana huku hakukuhitaji barua wala mkataba, kwa sababu masharti yalikuwa yameshaandikwa na kila mtu alikuwa ameyasoma.

Masharti hayo ndiyo GPL. Richard Stallman, aliyekuwa MIT, alianzisha mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983, na leseni yenyewe ikatoka 1989. Inampa kila mtu ruhusa ya kuitumia programu, kusoma msimbo wake, kuubadilisha na kuugawa. Ukiigawa, umpe mpokeaji msimbo pia, kwa masharti yaleyale uliyopewa. Wanafunzi wa VideoLAN walitaka kuitumia. Chuo kilikuwa na swali ambalo chuo chochote kingeuliza: programu iliyoandikwa hapa, kwenye kompyuta za hapa, na watu wanaopewa alama hapa, ni ya nani? Uongozi ulihitaji kushawishiwa. Tarehe 1 Februari 2001 mkuu wa chuo alikubali, na programu zote za VideoLAN zikatolewa chini ya GPL.

Wanahistoria wa VLC hupenda kuanzia 1996. Mimi ningeanzia siku hiyo ya Februari. Kabla yake VLC ilikuwa kazi ya chuo, nzuri, ambayo ingesahaulika pamoja na nyingine. Baada yake mtu wa nje, asiyejua Châtenay-Malabry iko wapi, aliweza kuchukua msimbo, kuufanya uende kwenye kompyuta yake, na kurudisha alichorekebisha. Wakaja watu wa namna hiyo kutoka nchi nyingine, na VLC ikaenea kwenye Windows na Mac. Wanafunzi nao wakajikuta katika hali mpya. Kazi yao sasa ilisomwa na watu wasiowaonea haya.

Zoezi la darasani huanza kwenye faili tupu na kuishia kwenye alama. Mwalimu ndiye msomaji pekee, na anajua jibu tayari. Kinachokosekana hapo ni kusoma: kukaa mbele ya mistari elfu kadhaa iliyoandikwa na mtu usiyemjua, ukitafuta kwa nini jambo moja dogo linakwenda kombo. Kwa wanaolipwa kuandika programu, hiyo ndiyo sehemu kubwa ya siku. Vyuoni, nasema kwa uzoefu wa kuzungumza na wengi waliohitimu, mtu anaweza kumaliza miaka yake yote bila kuifanya hata mara moja.

Chukua kitu kidogo: maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya sinema. Mafaili yake ya aina ya SRT ni maandishi matupu. Kuna namba, mstari wa saa, kisha maneno. Saa huandikwa hivi: 00:01:20,500, yaani saa, dakika, sekunde, mkato, halafu sehemu za elfu za sekunde. Mkato umo kwa sababu SubRip, programu iliyouanzisha mtindo huu, iliandikwa Ufaransa, na Wafaransa huandika desimali kwa mkato. Mwanafunzi akipewa zoezi la kusoma faili hilo ataandika mistari michache inayotafuta mkato, itafanya kazi, na atapata alama zake zote.

Sasa fungua faili la VLC linaloifanya kazi hiyo, linaitwa subtitle.c, utafute sehemu ya SRT. Msimbo unajaribu kusoma saa yenye mkato. Ikishindikana unajaribu yenye nukta, kwa sababu duniani kuna watu waliozoea nukta na mafaili yao yapo kila mahali. Ikishindikana tena unakubali saa, dakika na sekunde bila sehemu za elfu, kwa sababu kuna wavivu pia. Hakuna mwalimu aliyetunga hali hizo tatu. Zimetokana na mafaili ya watu halisi. Mwanafunzi anayeufikia msimbo huo kwa mara ya kwanza huuona ni mchafu, na hutamani kuusafisha. Akiusafisha, sinema za watu fulani mahali fulani zitapoteza tafsiri, na watamwambia.

Kurekebisha nako kuna adabu yake. Huandiki faili jipya, unatengeneza kiraka. Kiraka ni maandishi mafupi yanayoonyesha mistari iliyotolewa, kila mmoja ukianza na alama ya kutoa, na mistari iliyoingizwa, yenye alama ya kujumlisha. Juu yake unaandika sentensi kadhaa za kueleza kwa nini. Unakituma mahali ambapo kila mtu atakiona, na unasubiri. Majibu huwa mafupi, na kwa mtu wa kwetu aliyezoea kusalimiwa kwanza, yanaweza kuonekana ya kikatili. Umechanganya mambo mawili, yatenganishe. Maelezo yako yanasema ulichofanya, hayasemi kwa nini. Kumbukumbu unayoiomba mstari wa 40 unaiachilia wapi? Ukirekebisha unarudisha, na unaweza kuambiwa tena. Nimewaona vijana wenye alama za juu darasani wakikata tamaa kwenye jibu la pili, na wenye alama za kati wakifika la tano na kiraka chao kikapokelewa. Kiraka chenyewe kilikuwa cha mistari sita.

Kikundi kina faida hapa ambayo mtu wa peke yake hana: kuna mwenzako wa mwaka wa tatu anayeweza kukukalisha chini kabla hujatuma, akakwambia yale ambayo mgeni angekwambia, lakini kwa kukutazama usoni. Kuna vikundi vya vyuo vinavyoanza na fulana, vikaendelea na semina ya Jumamosi moja yenye mgeni rasmi na maandazi, na mwaka ukiisha hakuna aliyewahi kutuma kiraka popote. Watu watano wanaokaa jioni kusoma moduli moja, mstari kwa mstari, wamewapita hao kwa mbali.

Kwetu njia nyepesi ya kuingilia imekuwa tafsiri. Mwaka 2004, kupitia mradi wa KiLinux, watu wa sayansi ya kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na wataalamu wa Kiswahili na kampuni ya IT+46 ya Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu OpenOffice ni programu huria. Hawakuhitaji kumpigia magoti mwenye kampuni. Kazi ya tafsiri haitaki ujue kuprogramu, ila haikawii kukufikisha huko. Utakuta sentensi imekatwa vipande vitatu ndani ya msimbo kiasi kwamba hakuna Kiswahili kitakachoiunga, na dawa pekee ni kuufungua msimbo wenyewe. Wengi wameingilia mlango huo.

Kikwazo chetu cha kila siku ni bando. Msimbo wa miradi mikubwa, ukiuchukua pamoja na historia yake yote kwa Git, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo, unaweza kufika gigabaiti kadhaa, na mwanafunzi anayenunua bando la siku ataishia njiani. Kuna agizo ambalo lingepaswa kubandikwa ukutani kwenye kila maabara: git clone --depth 1. Linaleta hali ya sasa tu ya msimbo na kuiacha historia. Mtu mmoja anapakua, wengine wanakopi kwa fleshi au kwa mtandao wa ndani usiogusa intaneti. Leseni inaruhusu, tena inataka hivyo.

Turudi Châtenay-Malabry, kwenye tatizo ambalo hakuna kikundi cha wanafunzi kilichowahi kulikwepa: kuhitimu. Mafunzo ya mhandisi pale yalikuwa ya miaka mitatu. Kila mwaka anaondoka theluthi ya watu, na wanaoondoka ndio wanaojua zaidi. Kiwanda kikipoteza mafundi wake wakuu kila Julai kingefungwa mwaka wa pili.

Tazama yaliyowapata wengine. Mwaka 1995 Spencer Kimball na Peter Mattis, wanafunzi wa Berkeley huko California na wanachama wa kikundi cha wanafunzi kiitwacho XCF, walianza kuandika programu ya kuhariri picha. Mwaka 1996 wakaitoa kwa umma: GIMP. Pengwini wa Linux alichorwa na Larry Ewing kwa GIMP mwaka huohuo. Toleo hilo lilitegemea maktaba ya Motif, ambayo haikuwa huria, kwa hiyo wakaandika maktaba yao wenyewe ya vitufe na madirisha, wakaiita GTK. Kisha wakahitimu, wakaenda kazini, na mradi ukabaki umesimama. Kilichouokoa ni kwamba msimbo ulikuwa wazi na tayari kulikuwa na watu wa nje walioanza kuusoma. Wakaukamata wao, na toleo la 1.0 likatoka Juni 1998. GTK nayo ilichukuliwa na mradi wa GNOME, ulioanzishwa mwaka 1997 na Wamexico wawili, Miguel de Icaza na Federico Mena. Waanzilishi wa GIMP hawakuwa na mpango wowote wa kurithisha. Leseni ndiyo iliyorithisha.

Kwa VLC kuhitimu kulikuja polepole zaidi. Kwa miaka kadhaa kila kundi la wanafunzi lilipokea kutoka kwa lililotangulia, na naamini upokezanaji huo ndio uliofanya msimbo uwe wa kusomeka: unaandika ukijua kwamba atakayekuuliza hatakukuta. Lakini katikati ya miaka ya 2000 wanafunzi waliovutiwa na mradi walipungua. Televisheni kwenye kompyuta haikuwa ajabu tena. Watumiaji wakati huohuo waliongezeka kwa mamilioni, na programu iliyo mikononi mwa watu wengi hivyo ikawa inasukumwa na wachache.

Jean-Baptiste Kempf aliingia chuoni mwaka 2003 na akajiunga na mradi akiwa mwanafunzi. Alipohitimu hakuuacha. Mwaka 2009 VideoLAN ikawa chama kinachojitegemea kisicho cha biashara, nje ya chuo, na Kempf akiwa rais wake. Jina, tovuti na koni vikahamia huko. Koni, kwa anayetaka kujua, inatokana na koni halisi za barabarani ambazo wanachama wa VIA walikuwa na tabia ya kuziokota na kuzirundika chumbani kwao. Halmashauri ya mji iliwaonaje, historia haisemi. Kempf amesema hadharani zaidi ya mara moja kwamba amekataa mamilioni ya yuro ya watu waliotaka kuingiza matangazo ya biashara ndani ya VLC. Januari 2025 chama kilitangaza kwamba programu imepakuliwa mara bilioni 6. École Centrale Paris yenyewe haipo tena kwa jina hilo. Mwaka 2015 iliungana na Supélec, ikawa CentraleSupélec.

Na bado deni la ujana lilikuwa linasubiri. Septemba 2010 kampuni ya Applidium ilitoa VLC kwa ajili ya iPad, na muda si mrefu ikafika kwenye iPhone. Mmoja wa waandishi wakuu wa VLC, Rémi Denis-Courmont, akapinga. Hoja yake ilikuwa ya kisheria na ilikuwa na mashiko: duka la Apple humwekea mtumiaji vizuizi vya kukopi, na GPL inakataza mtu yeyote kuongeza vizuizi juu ya vile ilivyoviandika yenyewe. Mwandishi mmoja kati ya mamia alikuwa na haki ya kusema hapana, kwa sababu kila aliyeandika mstari alibaki mwenye mstari wake. Hakuna aliyewahi kusaini kukabidhi haki zake kwa chama. Januari 2011 Apple ikaiondoa.

Chama kikaamua kuhamishia kiini cha VLC kwenye LGPL, leseni dada iliyo laini zaidi, inayoruhusu kiini hicho kutumiwa ndani ya programu nyingine kwa urahisi. Kwa hilo alihitajika kila mwandishi, mmoja mmoja, akubali. Waandishi hao walikuwa wameanza wakiwa na miaka 19 au 20, wengine wametuma kiraka kimoja mwaka 2001 na kupotea. Sasa ni watu wazima wenye kazi katika kampuni na nchi tofauti. Kempf ilimbidi awasake. Hapo ndipo penye funzo la kiofisi kwa kikundi chochote kinachoanza leo: watu huweka kwenye kiraka anwani ya barua pepe ya chuo, na anwani ya chuo hufa ukihitimu. Weka ya kudumu. Andikeni tangu siku ya kwanza nani ameandika nini na chini ya leseni ipi, kwenye faili lililo pamoja na msimbo, kwa sababu daftari la katibu litapotea na katibu mwenyewe.

Kiini kilihama mwaka 2011, na sehemu kubwa ya moduli zikafuata 2012. Julai 2013 VLC ilirudi kwenye iPhone. Baadhi ya moduli hazikuhama. Madirisha na vitufe ambavyo kijana wa fleshi anavibofya kwenye Windows yake vingali chini ya GPL ileile ya mwaka 2001.